Kinga ya radi kwa shule ya bweni: nguzo moja uwanjani au nyaya kwa kila jengo?

Mjumbe wa Bodi

Wanajamvi, salaam. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule ya sekondari ya bweni iliyo juu ya kilima mkoani Kagera, upande unaotazama Ziwa Victoria. Naomba ushauri wa watu wanaolijua jambo hili kwa kulifanya, si kwa kulisikia.

Mwezi uliopita, majira ya saa kumi jioni, radi ilipiga mgrivelia ulio kama hatua kumi na tano kutoka bwalo la chakula. Gome lilibanduka kutoka kileleni hadi kwenye mizizi kama ganda la muwa, na vipande vyake tuliviokota ng'ambo ya uzio. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyefariki, lakini wasichana wanne waliokuwa wamejilaza kwenye vitanda vya chuma vya dabodeka katika bweni la jirani walisema walipigwa shoti mgongoni kwa wakati mmoja. Kompyuta tisa za maabara hazikuwaka tena, na mita ya LUKU iliungua mpaka plastiki yake ikayeyuka. Baadhi yetu bado tunakumbuka habari ya Oktoba 2018 mkoani Geita, ambako radi iliua wanafunzi 6 wakiwa darasani, kwa hiyo kikao cha bodi hakikuhitaji kushawishiwa kwamba jambo lifanyike. Ugomvi ulikuwa juu ya lipi lifanyike.

Tumepokea mapendekezo mawili. La kwanza limetoka kwa kampuni inayouza kichwa maalumu cha kunasia radi, ambacho kikisimikwa juu ya nguzo ya mita 10 katikati ya uwanja wa paredi kitakinga, kwa maelezo yao, duara lenye nusu kipenyo cha mita 100, yaani shule nzima. La pili limetoka kwa mkandarasi wa umeme anayetaka kila jengo liwe na nyaya zake juu ya paa, nyaya za kushuka ukutani na erthi ya kulizunguka, yaani waya uliofukiwa wa kuupeleka umeme ardhini. Gharama ya pendekezo la pili ni karibu mara tatu ya lile la kwanza, na mhasibu wetu ameshakunja uso.

Kuna pia mtego wa radi wa zamani kwenye jengo la utawala, fimbo moja ya shaba iliyowekwa tangu shule ilipojengwa. Mwenyekiti wetu, mzee ninayemheshimu sana, anasema mtego huo ndio ulioivuta radi kilimani na kwamba tuung'oe kabla ya vuli. Mjumbe mwingine alisema radi ile ilitumwa. Hoja hiyo ilikula nusu saa ya kikao, na naomba tusiirudie hapa.

Majengo yetu ni ya matofali ya kuchoma, hayana nguzo za zege, na yameezekwa kwa bati la geji 30 juu ya kenchi za mbao. Naomba kujua ni pendekezo lipi lina msingi, mtego wa zamani tuufanye nini, na kwa nini wasichana wale walipigwa shoti ilhali radi ilipiga mti.

Mhandisi Saketi

Ndugu Mjumbe, poleni kwa yaliyowakuta. Niruhusu nianze na mzee Mwenyekiti, kwa sababu kosa lake si lake peke yake. Limo ndani ya neno tunalolitumia. Mtego ni kitu kinachomvuta mnyama aliye mbali, na sisi tumeliita fimbo la shaba mtego, kisha tunashangaa watu wanapoliogopa. Radi haivutwi kutoka mbali. Chaji ya wingu hushuka kwa hatua za makumi ya mita, ikijikunja huku na huku bila kujali kilicho chini, mpaka inapokaribia ardhi. Hapo ndipo mti, pembe ya paa au nguzo vinapotoa cheche zao kwenda juu kuipokea, na cheche inayoiwahi ndiyo inayoamua mahali pa pigo. Fimbo fupi juu ya paa haiongezi kwa kiasi cha maana idadi ya radi zinazoshuka kwenye kilima chenu. Inachofanya ni kuiwahi radi ambayo ingegusa jengo hata hivyo, na kuipa njia ya kwenda ardhini ambayo haipitii kwenye kenchi, kwenye waya wa taa au kwenye mwili wa mtu. Radi ni kama maji ya mvua juu ya paa: usipoyawekea mfereji, yatachagua yenyewe ukuta wa kupita.

Nasema hivi ili ieleweke kwamba fimbo ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika mfumo huu. Kazi kubwa iko kwenye nyaya za kushuka, kwenye ardhi, na kwenye namna vyuma vya jengo vilivyofungwa pamoja. Muuzaji akitumia saa nzima kukueleza kichwa cha fimbo na dakika mbili kukueleza erthi, umeshajua anauza nini.

Sasa nije kwenye ile nguzo ya mita 100. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62305, ambacho wahandisi wengi wa ukanda wetu hukifuata, hakikipi kichwa cha aina hiyo eneo kubwa kuliko fimbo ya kawaida ya urefu uleule. Ufaransa ina kiwango chake, NF C 17-102, kinachovikubali vichwa hivyo, na ndicho ambacho wauzaji hupenda kukitaja. Majaribio ya nje, chini ya mawingu halisi, hayajawasaidia sana. Mtafiti Charles Moore na wenzake walisimika fimbo za aina mbalimbali milimani New Mexico, Marekani, kwa miaka kadhaa. Radi zilipiga fimbo za kawaida zenye ncha butu, huku zile za ncha kali na vichwa hivyo maalumu vilivyosimama jirani vikiachwa bila kuguswa.

Njia tunayoitumia kukadiria eneo lililokingwa ni ya kufikiria mpira mkubwa unaoviringishwa juu ya shule kutoka kila upande. Kwa daraja la kinga la III, ambalo mimi nisingeshuka chini yake kwa bweni, mpira huo una nusu kipenyo cha mita 45. Kwa daraja la I, lenye masharti makali zaidi, ni mita 20. Popote mpira unapogusa, radi inaweza kugusa. Nguzo yenu ya mita 10 itauinua mpira, na kivuli cha usalama kitafika kama mita 28 kutoka kwenye nguzo kikipimwa chini kabisa ardhini. Lakini paa la bweni haliko ardhini. Kama lina kimo cha mita 4, basi katika kimo hicho kivuli kinabaki chini ya mita 10 tu. Nendeni uwanjani na kamba mpime mkahesabu ni majengo mangapi yaliyo ndani ya mita 10 kutoka mahali nguzo itakaposimama. Nadhani jibu ni sifuri, kwa maana hakuna anayejenga bweni katikati ya uwanja wa paredi.

Kuhusu mabati, msidanganyike kwamba kwa kuwa paa ni la chuma basi jengo limejikinga. Paa la bati lisiloungwa na ardhi ni sinia iliyowekwa juu ya mbao: ikipigwa, umeme wote unakaa juu yake ukitafuta pa kurukia, na cha karibu zaidi huwa ni waya wa taa unaopita juu ya dari au fremu ya chuma ya dirisha. Bati lenye unene wa nusu milimita au zaidi linaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya kunasia radi, iwapo mabati yameshikana vizuri na hakuna kitu kinachowaka kwa urahisi chini yake. Geji 30 ni nyembamba kuliko hapo, hivyo linaweza kutobolewa na kudondosha chuma kilichoyeyuka juu ya mbao. Kwa hiyo mkandarasi wenu yuko sahihi kupitisha waya kwenye kofia ya paa na kwenye kingo zake, kisha kuufunga na mabati yenyewe.

Nyaya za kushuka katika daraja la III huachana kwa wastani wa mita 15 kuzunguka jengo, na hazipungui mbili hata jengo likiwa dogo. Bweni la mita 30 kwa 10 lina mzingo wa mita 80, kwa hiyo linahitaji nyaya sita. Mhasibu ataona sita ni nyingi, na hapo naomba mumwonyeshe hesabu hii. Waya ulionyooka hupinga badiliko la ghafla la umeme, na ukipokea mkondo unaopanda kwa ampia 10,000 katika kila sehemu moja ya milioni ya sekunde, unajenga takriban volti 10,000 katika kila mita ya urefu wake. Ukuta wa mita 4 ni volti 40,000, hata kama erthi yenu ingekuwa kamilifu. Mkigawa mkondo kwa nyaya sita, kila mmoja unabeba sehemu tu, na hamu ya umeme kuruka kwenda ndani inapungua kwa kadiri hiyo. Kwa sababu hiyohiyo waya haupaswi kukunjwa kwa pembe kali wala kupandishwa juu kisha kushushwa ili kuupita mfereji wa maji. Umeme utalikata kona hilo kwa cheche kama mwanafunzi aliyechelewa gwaride.

Halafu ardhi. Tunalenga upinzani usiozidi omu 10, na hata hiyo isiwatie usingizi. Radi ya kawaida ina kama ampia 30,000. Zidisha kwa omu 10, erthi yako nzuri inapanda hadi volti 300,000 kwa muda mfupi sana. Kinachowaokoa walio ndani ni kila chuma kupanda volti kwa pamoja, si kudhani ardhi itabaki sifuri. Ndege hutua kwenye waya wa umeme bila kudhurika kwa sababu miguu yake yote miwili iko kwenye volti ileile. Ndiyo maana mabomba ya maji, fremu, erthi ya TANESCO na erthi ya radi hufungwa pamoja kwenye kipande kimoja cha shaba karibu na meinswichi. Fundi anayewaambia kila kimoja kiwe na erthi yake mbali na mwenzake anawajengea mahali pa umeme kuruka.

Hapa ndipo lilipo jibu la vile vitanda. Pigo la mti liliingiza umeme ardhini kupitia mizizi, na ardhi iliyo karibu na mti ikapanda volti kuliko iliyo mbali. Ng'ombe wanaojikinga mvua chini ya mti hufa kwa sababu hiyo, kwa kuwa miguu ya mbele na ya nyuma imesimama kwenye volti tofauti, na tofauti hiyo hupita kifuani. Bwenini, vitanda vikiwa vimepangwa vikigusana mstari mzima, kimoja kikiegemea bomba la waya ukutani na kingine kikiwa kwenye sakafu yenye unyevu, mstari ule unageuka kuwa waya. Nisingeshangaa kama wasichana wote wanne walikuwa mstari mmoja. Kwanza vitengeni vitanda na ukuta kwa hatua moja. Hilo halina gharama na linaweza kufanyika leo. Kisha erthi ya mviringo kuzunguka bweni, iliyofukiwa kina cha nusu mita na kuachana na ukuta kwa kama mita 1, itasawazisha volti chini ya jengo zima.

Fundi Kenchi

Namshukuru Mhandisi, ametoa darasa. Mimi nimefunga mifumo hii kwenye makanisa, shule na maghala kwa miaka kumi na minne, na nina machache ya kuongeza kutoka juu ya ngazi.

La kwanza ni shaba. Mkifunga waya wa shaba unaofikika kwa mkono, mtaukuta kwenye mzani wa chuma chakavu kabla ya masika. Nimewahi kuitwa kukagua kanisa ambalo waya wake ulikatwa kuanzia usawa wa mtu aliyenyoosha mkono hadi chini, na juu fimbo imebaki inang'aa. Waumini walidhani wamekingwa. Zaidi ya hapo, shaba na bati havipatani: maji ya mvua yanayopita juu ya shaba hubeba chembe zake, na yakitiririka kwenye bati la zinki hulila mpaka paa linatoboka kwa mstari. Juu ya mabati yenu tumieni alumini ya milimita za mraba 50 au zaidi. Ila alumini isifukiwe ardhini wala kuzikwa kwenye plasta, kwa maana saruji na udongo vinaila. Chini tumieni chuma kilichopakwa zinki au fito za chuma zilizovishwa shaba, na mahali zinapokutana muweke klampu ya metali mbili iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nimeona fundi akikaza alumini kwenye shaba kwa bolti ya mlango. Baada ya miaka miwili pale palikuwa na unga mweupe tu.

La pili ni chumvi. Mafundi wetu, nami nilikuwa mmoja wao, tulizoea kuchimba shimo, kumwaga chumvi na mkaa, kupima, kusoma omu nzuri, kusainiwa karatasi na kuondoka. Mvua ya misimu miwili inaiosha chumvi yote, na kilichobaki kinakula fito. Kama kilima chenu kina mwamba, na vilima vya Kagera vingi vinao, msihangaike kupigilia fito za mita moja na nusu zinazopinda kichwa. Ule mtaro wa mviringo aliousema Mhandisi ndio dawa, na mahali penye changarawe kavu mfunike waya kwa udongo wa bentonaiti, ambao hushika unyevu na hauli chuma. Upimaji ufanyike mwezi wa saba au wa nane udongo ukiwa umekauka. Anayekuja kupima siku ya pili baada ya mvua kubwa anapima mvua.

La tatu, waya wa kushuka usiwekwe karibu na mlango wala mahali wanafunzi wanapopanga foleni ya chakula. Ndani ya mita 3 kutoka kwenye waya, aliyesimama anaweza kupata madhara kupitia miguu hata asipougusa. Kama hakuna namna ya kuepuka, mwageni kokoto kavu za unene wa sentimita 15 kuzunguka pale, au lami ya sentimita 5. Bomba la kawaida la PVC juu ya waya linazuia mikono ya watoto na ya wezi, lakini msilihesabu kuwa kinga ya kutosha dhidi ya radi yenyewe.

Mama Maabara

Nitasema juu ya kompyuta tu, kwa sababu mfumo wote mnaouzungumzia hapo juu hauzikingi.

Mfumo wa nje hulinda jengo na watu. Vifaa huuawa na umeme unaoingia kwa waya, na radi haihitaji kupiga jengo lenu ili uingie. Ikipiga nguzo ya laini kilomita kadhaa kutoka shuleni, msukumo husafiri kwenye laini mpaka kwenye soketi. Kwa hiyo mwambieni mkandarasi aweke seji aresta, yaani kifaa cha kuuelekeza msukumo huo kwenye erthi, kwenye meinswichi ya jengo, na nyingine kwenye kisanduku cha usambazaji cha maabara. Zile zinazobeba mkondo wa radi yenyewe huitwa aina ya 1, na ndizo zinazohitajika kwenye mlango wa umeme wa jengo lenye fimbo juu ya paa. Aina ya 2 hufuata ndani. Jengo likiwekewa aina ya 2 peke yake, ambayo ni nafuu na imejaa madukani, radi ya kwanza itaipasua.

Angalieni pia urefu wa nyaya zinazoiunga seji aresta na laini na erthi. Zote kwa pamoja zisizidi nusu mita. Kanuni ya Mhandisi ya volti kwa kila mita inafanya kazi hata ndani ya kisanduku, na nimekagua maabara ambamo kifaa cha bei kubwa kilifungwa vizuri sana kwa waya uliosokotwa kiunadhifu kama kamba ya nanga, karibu mita mbili. Kompyuta ziliungua, kifaa kikabaki kizima.

Waya wa mtandao unaotoka utawala kwenda maabara, kama unapita nje, ubadilishwe uwe faiba isiyo na chuma ndani yake. Hiyo haina umeme wa kubeba. Na wakati wa mawingu mazito, kuchomoa plagi ukutani bado kunashinda kifaa chochote ninachokijua, mradi kufanyike kabla ngurumo hazijasogea, maana sitaki kusikia mwalimu amekufa akichomoa plagi.

Jirani wa Kampala

Nasoma kutoka ng'ambo ya ziwa lilelile. Tarehe 28 Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, hapa Uganda. Shule hiyo baadaye iliwekewa mfumo kamili na ACLENet, mtandao unaoshughulikia kinga ya radi Afrika ulio na makao yake Kampala, ambao umeendelea na shule nyingine. Kule walifuata njia ya nyaya juu ya majengo na erthi zake. Mjumbe, ukitaka kuionyesha bodi kwamba pendekezo la pili si anasa ya mkandarasi, mfano uko nchi jirani.

Mjumbe wa Bodi

Nawashukuru wote. Nilichapa majibu yenu nikayapeleka kwenye kikao, na kabla ya kikao nilimwomba fundi mmoja mwenye mita ya erthi aje tuukague ule mtego wa zamani.

Tulichokikuta ni hiki. Fimbo iko imara juu ya kofia ya paa. Waya mmoja tu unashuka, na unapinda mara mbili kuufuata mfereji wa maji. Usawa wa kifua changu umekatwa kwa msumeno, mkato safi kabisa, na mtu aliyeukata alipaka rangi ya ukuta kwenye ncha iliyobaki ili isionekane. Rangi yenyewe ni ya miaka mingi. Kipande kilichobaki ardhini kilisoma omu 64. Nilipozidisha kama Mhandisi alivyofanya, nikapata karibu volti milioni 2, nikarudia hesabu kwa kudhani nimekosea. Mwenyekiti alisimama pale akiutazama ule mkato kwa muda, kisha akauliza kama vyuma vya madirisha ya ofisi yake vimeungwa na chochote. Havijaungwa.

Wasichana wanne walikuwa kweli mstari mmoja, na kitanda cha mwisho kiligusa bomba la waya wa soketi. Vitanda vyote vimesogezwa.

Bodi imekubali njia ya pili, kwa awamu: mabweni mawili na bwalo kabla ya vuli, maabara mwaka ujao, na utawala mwisho. Fimbo ya zamani itashushwa mpaka hapo jengo litakapopata mfumo kamili. Ili kupunguza gharama, wazazi watachimba mitaro kwa msaragambo na mkandarasi atalaza waya. Nina swali moja lililobaki: mbele ya bweni la wasichana mtaro utapita chini ya kijia cha saruji kinachoingia mlangoni. Je, tuukatishe pale na kuacha pengo, au tuvunje saruji?

Mhandisi Saketi

Vunjeni saruji. Mviringo uliokatika mlangoni unaacha tofauti ya volti mahali penye miguu mingi kuliko pote. Kama sakafu ya kijia ina wavu wa nondo, msiurudishie saruji kabla ya kuuunga na waya wa erthi pande zote mbili za mlango.

Kuishusha fimbo ya utawala ni uamuzi mzuri, kwa sababu fimbo iliyokatwa njia ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Ila wakati wa ngurumo watu wasikae karibu na madirisha ya jengo hilo mpaka zamu yake ifike.

Kabla wazazi hawajafukia, mmoja wenu apige picha kila kiungo na kila kona ya mtaro, futikamba ikionekana ndani ya picha ili kina kisomeke, na mkandarasi aache klampu ya kufungulia kwenye kila waya wa kushuka, kimo cha mita moja na nusu hivi, ili upimaji wa mwaka kesho uweze kufanyika bila kukata kitu. Kwa daraja la III ukaguzi wa macho ni kila miaka miwili na ukaguzi kamili kila miaka minne, lakini kwa kilima kile ningekagua kila Agosti.

Fundi Kenchi

Na picha hizo zisikae kwenye simu ya mkandarasi. Mimi mwenyewe nimeshabadilisha simu tano tangu nianze kazi hii.